Mtungi Mmoja, Masanduku Mia

Katika idara ile ya utafiti, mwenye jambo ndiye aliyewalisha wenzake, na kosa nalo lilihesabiwa kuwa jambo. Mtu akipata mtoto alileta biskuti, akipata shahada alileta keki, na akikosea kipimo alileta keki vilevile. Tofauti ilikuwa moja. Mwenye kosa aliikata keki yake akiwa amesimama, saa ya kahawa ya asubuhi, na kabla ya kugawa kipande cha kwanza alilitaja kosa lake kwa sentensi moja. Hakutakiwa kutoa kisingizio, na hakuna aliyeruhusiwa kumjibu. Watu walikula, na keki ikiisha, neno nalo lilikuwa limekwisha.

Sheria hiyo aliitunga Renske Ouwerkerk, mkuu wa uchambuzi wa data, baada ya mwanafunzi mmoja kuficha kosa dogo kwa nusu mwaka mpaka likawa kubwa. "Watu hawaogopi kosa," alikuwa akisema. "Wanaogopa hotuba zitakazofuata. Ondoa hotuba, makosa yatakuja yenyewe." Taasisi nyingine mbili ziliiga. Renske mwenyewe hakuwahi kuleta keki ya namna hiyo, wala hapakuwa na mtu aliyeona ajabu.

Mwezi Machi aliyesimama na kisu alikuwa Douwe Hettema.

Douwe alikuwa mtunzaji wa mnara wa Oudeveen: mlingoti wa chuma uliosimama kwa karibu miaka ishirini katikati ya malisho ya Friesland, Uholanzi, pale ambapo ardhi ni mboji nyeusi na maji ya mfereji yako juu kuliko miguu ya ng'ombe. Kileleni palikuwa na vyombo viwili, kimoja cha kupima upepo na kingine cha kupima gesi ya methani inayofuka kutoka kwenye mboji. Douwe ndiye aliyemfundisha Renske kupanda mnara huo, zamani, Renske alipokuwa bado mwanafunzi anayeogopa ngazi.

Mnara ulisema kwamba kila mita ya mraba ya malisho yale hutoa gramu ishirini na moja na nukta sita za methani kwa mwaka. Renske akaja na njia mpya. Alifunika majani kwa masanduku mia ya plastiki, kila moja na kipimio chake, akayaacha msimu mzima, kisha akaziingiza data zote kwenye programu ya idara. Masanduku yakasema gramu ishirini. Kila mpimaji hutaja pia shaka ya kipimo chake, yaani umbali ambao ukweli unaweza kuwa umesimama kutoka kwenye namba yake. Shaka ya mnara ilikuwa nukta nne ya gramu. Shaka ya masanduku ilikuwa nukta moja tu. Kwa shaka ndogo kiasi hicho, tofauti baina ya njia hizo mbili haikuweza kuitwa bahati. Mmoja wao alikuwa amekosea, na hapakuwa na aliyeuliza ni yupi.

Douwe hakubisha. Majira yote ya baridi alilitafuta kosa lake, na mtu anayetafuta kosa kwa bidii hatimaye hulipata. Akaja asubuhi ile na keki ya matufaha iliyookwa na mkewe Baukje, akasimama katika chumba cha kahawa, akasema:

"Zizi jipya la jirani limekuwa likiuvuruga upepo wa mnara wangu, na mimi sikuliona."

Alipomaliza akaikata keki, vipande sawasawa, kama mtu aliyepima kwanza. Hakuna aliyejibu isipokuwa Renske. "Asante, Douwe," alisema. "Hivi ndivyo inavyotakiwa." Kisha akala vipande viwili, maana keki ilikuwa nzuri.

Wiki iliyofuata kamati ya taasisi iliamua kwamba hakuna haja ya kuendelea kutunza njia mbili kama moja inajulikana kuwa mbovu. Mnara ungeshushwa mwezi Aprili, Jumanne ya tatu.

*

Alhamisi kabla ya Jumanne hiyo, Renske alikuwa akitayarisha somo la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lilikuwa somo alilolipenda na alilifundisha kila mwaka: namna mbili za makosa ya vipimo. Mfano wake ulikuwa wa fundi cherehani. Fundi mwenye mkono unaotetemeka, alikuwa akiwaambia, hukosea leo huku na kesho kule. Mwambie apime mara mia, achukue wastani, na makosa yatafutana. Hilo ni kosa la nasibu. Lakini fundi mwenye utepe uliovutika hukosea kila mara upande uleule. Apime mara mia, apime mara elfu, suruali itakuwa ndefu vilevile. Hilo ni kosa la kimfumo, na wingi wa vipimo hauliponyi.

Mwaka huu alitaka kuongeza mfano wa kazi ya kweli, na aliona si vibaya autoe kwenye kazi yake mwenyewe. Akaandika: masanduku mia. Akaandika: vipimio vyote vilisawazishwa kwa gesi ya mtungi mmoja. Akaenda kabatini, akatoa cheti cha mtungi, akaandika: gesi ya mtungi inajulikana kwa shaka ya asilimia tano. Chini yake akaandika matokeo: gramu ishirini, shaka nukta moja.

Akaitazama ile mistari. Nukta moja katika ishirini ni nusu ya asilimia.

Alifanya hesabu tena kwa kalamu, ingawa haikuwa hesabu ya kuhitaji kalamu. Vipimio vyote mia vilijifunza methani ni kiasi gani kutoka kwenye mtungi ule. Ikiwa mtungi ulikosea, vyote vilikosea pamoja, upande mmoja, kama wanafunzi mia walionakili kwa mwenzao. Mtungi wenyewe haukujijua zaidi ya asilimia tano. Hakuna njia ambayo masanduku yangeweza kuijua gesi vizuri kuliko mtungi ulioyafundisha.

Akaifungua programu. Kwa kila kosa la kimfumo linaloambatishwa kwenye data, programu huuliza swali moja: je, kosa hili kila kipimo kinalo la kwake, au vyote vinalo moja? Majibu ni mawili, *binafsi* au *pamoja*. Ikijibiwa *pamoja*, huibeba shaka hiyo nzima mpaka mwisho wa hesabu. Ikijibiwa *binafsi*, huamini kwamba makosa yatafutana yenyewe, na kwa masanduku mia huigawa shaka kwa kumi.

Mbele ya kosa la mtungi palikuwa na alama ya *binafsi*. Aliyeiweka alikuwa yeye. Hakuna mwingine aliyegusa data zile.

Akaibadilisha, akaiendesha hesabu upya. Namba haikusogea, gramu zilibaki ishirini. Shaka ikapanda kutoka nukta moja hadi gramu moja nzima. Na ukiwa na shaka ya gramu moja, mnara wa Douwe uliosema ishirini na moja na nukta sita haukupingana na chochote. Ulikuwa umesimama palepale palipotarajiwa, miaka yote.

Ilikuwa saa kumi jioni. Simu ilikuwa mezani, na namba ya Douwe ilikuwa ya tatu kutoka juu. Renske alirudisha cheti kabatini, akafunga kabati, akavaa koti, akaenda nyumbani kwa baiskeli katika mvua nyepesi.

*

Ijumaa alijiambia kwamba anahakiki. Neno hilo lilikuwa la haki. Kila matokeo yanayobadilika lazima yahakikiwe. Aliendesha hesabu kwa njia tatu tofauti, na zote zikajibu vilevile. Alisoma maelezo ya programu tangu mwanzo. Kabla ya mchana alikuwa hana tena cha kuhakiki, akashuka ghorofa moja kwa Govert Plas, aliyeiandika programu.

Govert alikuwa na miguu juu ya kiti cha pili na mkate wa jibini mkononi. "Mkuu. Umekuja kuniharibia Ijumaa?"

"Nina swali tu."

"Maswali yako huwa hayana *tu*."

"Mtu akiambatisha kosa la kimfumo asichague kitu, programu inachukua lipi?"

"*Binafsi*. Lakini inauliza kwanza, na ujibu usijibu inauliza tena. Nimeifanya iudhi makusudi."

"Si ingekuwa salama zaidi ichukue *pamoja*?"

"Ingekuwa." Govert alitafuna kidogo. "Nilitaka hivyo. Wewe ndiye uliyekataa, ule mwaka tunaanza. Ulisema tusiwafanyie watu kazi ya kufikiri."

Renske alikumbuka. Alikumbuka hata chumba walichokaa.

"Nani kafanya?" Govert aliuliza, sasa ameshusha miguu. "Usiniambie. Annelot, yule mwanafunzi wako. Juzi nilimwona anahangaika na data za kisimani."

"Ni swali la somo langu la mwaka wa kwanza."

"La somo, sawa." Akakonyeza jicho. "Maana mtu wa hapa akiweka kosa la wote likawa la kila mmoja, huyo hadaiwi keki. Huyo anadaiwa mgahawa na wapishi wake."

Renske alicheka, kwa sababu mtu asiye na jambo angecheka. Hakusema kwamba ni Annelot. Hakusema pia kwamba si yeye. Alipanda ngazi, akakaa, akaandika barua ya kueleza kosa, akaifuta, akaandika nyingine iliyoanza kwa kuieleza programu, akaifuta pia. Jambo kama hili, alijiambia, haliandikwi. Mtu anaambiwa uso kwa uso. Jumatatu angekwenda Oudeveen mwenyewe. Mnara ulikuwa unashushwa Jumanne. Palikuwa na muda.

Hesabu hiyo ya siku ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyomruhusu kulala.

*

Mnara wa Oudeveen huonekana kutoka juu ya tuta la mfereji, kabla hata ya kuyaona mapaa ya vijiji. Jumatatu asubuhi Renske alipanda tuta kwa gari na kutazama upande wake wa kushoto, kama alivyofanya mara nyingi, na jicho lake likapita moja kwa moja mpaka upeo wa macho.

Alidhani ni ukungu. Hapakuwa na ukungu. Ng'ombe walionekana mmoja mmoja.

Douwe alikuwa amepiga magoti kwenye majani akizungusha nyaya kwenye gurudumu la mbao. Vipande vya mnara vilikuwa vimelazwa kando, vitano, vimepangwa kwa urefu. Pale uliposimama palibaki msingi wa zege na boliti nane zenye kutu.

"Umekuja mazishini," Douwe alisema. "Umechelewa, marehemu kashalala. Kuna kahawa kwenye chupa."

"Si ilikuwa kesho?"

"Ilikuwa. Wenye kreni walinipigia Alhamisi jioni. Kesho kuna upepo, hawainui kitu. Wakasema wana nafasi Ijumaa saa nne, nikawaambia njooni." Akakaza waya. "Nilitaka liishe, binti. Mtu hakai mezani na jino bovu kinywani."

Renske alibaki amesimama. Kahawa hakuimimina. Alikuwa ameyapanga maneno yake njiani kwa mpangilio mzuri, kwanza cheti, halafu vipimio, halafu programu, na sasa aliyaona yote hayana kazi.

"Mnara haukuwa na kosa," alisema.

Douwe aliacha kuzungusha.

"Mtungi wa kusawazishia una shaka ya asilimia tano. Niliambatisha kosa lake kana kwamba kila sanduku lina mtungi wake. Shaka yangu si nukta moja. Ni gramu moja."

Douwe hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alitazama chini, midomo ikisogea kidogo, kama afanyavyo mtu anayegawanya kichwani. "*Binafsi*," alisema mwishowe. "Uliweka *binafsi*."

"Niliweka."

"Wewe."

"Mimi."

Ng'ombe mmoja alisogea hadi kwenye waya wa uzio, akawatazama. Douwe alikaa chini kwenye kipande cha mnara.

"Basi nilikuwa sahihi."

"Hatujui. Tunajua tu kwamba hatupingani."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Hata leo hunipi ushindi. Na zizi?"

"Zizi halina hatia."

"Nilimwambia Jelle zizi lake limeniharibia miaka miwili ya kazi. Mzee wa watu. Tangu Machi akiniona anapitisha trekta upande wa pili." Alifuta mikono kwenye suruali. "Itabidi nimpelekee keki. Baukje atauliza hii nayo ya nini."

Renske alingoja aseme kitu kizito, kitu ambacho yeye angeweza kukipokea. Douwe aliinua kichwa na kuuliza swali ambalo mpimaji yeyote angeuliza.

"Umegundua lini?"

Palikuwa na majibu mawili, na moja lilikuwa la kweli. Renske alilisikia la pili likitoka kinywani mwake kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kusomea matokeo.

"Mwishoni mwa wiki."

Douwe akashusha pumzi, na mabega yake yakashuka nayo. "Basi usijisumbue. Kreni ilishakuja Ijumaa. Hata ungekimbia usingeiwahi." Akamimina kahawa mwenyewe, akampa kikombe. "Kunywa. Umekuwa mweupe kama karatasi. Kosa ni kosa, binti. Umekuja mwenyewe, hukutuma barua. Wengine wangetuma barua."

Kahawa ilikuwa ya moto na yenye sukari, kama alivyoipenda Renske tangu uanafunzi. Douwe alikuwa bado anakumbuka. Aliinywa yote, kwa kuwa kuiacha kungehitaji maelezo.

Kabla ya kuondoka alimsaidia kubeba nyaya. Douwe alieleza, bila kulaumu, kwamba mnara unaweza kusimamishwa tena ifikapo Juni, kamati ikikubali. Ila data za miaka ishirini zilikuwa mkufu mmoja usio na pengo, na sasa zitakuwa mikufu miwili. Alilisema jambo hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa.

*

Annelot alikuwa akimngojea mlangoni mwa ofisi. Alikuwa katika mwaka wake wa pili wa shahada ya uzamivu, msichana mrefu asiyependa kuketi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Samahani, Renske. Dakika moja. Govert ananitania nianze kuoka, ananiambia nimeweka *binafsi* mahali pa *pamoja*, na kwamba wewe mwenyewe ulikwenda kumuuliza. Nimepitia kazi yangu yote wikendi nzima. Data za kisima, za mfereji, zote. Sioni. Niambie tu ni wapi. Nitaleta keki, sina shida na keki. Sitaki tu kukaa sijui."

Renske alifungua mlango. Hakukaa, na msichana naye hakukaa.

"Si wewe," alisema. "Ni mimi. Ni masanduku."

Annelot alimtazama. Kwanza uso wake ulilegea, hilo lilikuwa wazi. Halafu kitu kingine kikaja polepole nyuma yake, na Renske alikiona kikija. Msichana yule alikuwa mwepesi wa kuelewa. Renske mwenyewe ndiye aliyemchagua kwa sababu hiyo.

"Lakini Govert alisema ulimuuliza Ijumaa," alisema Annelot. "Kabla ya chakula cha mchana."

"Ndiyo."

"Na kreni ilikuja Ijumaa hiyohiyo..."

"Ndiyo."

Annelot aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa anwani na sasa anajua barabara. Akatoka, akaufunga mlango taratibu nyuma yake, na upole ule ulikuwa mzito kuliko kuubamiza.

Renske alikaa na mikono juu ya meza. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa ameliona tangu Alhamisi, kwa namba, hadi nukta ya kwanza, na akaenda nyumbani. Kosa la mtungi lilikuwa kosa la nasibu la mtu aliyechoka: kidole kilichopita swali bila kulisoma. Lingeweza kumpata yeyote. Yaliyofuata hayakuwa ya nasibu. Kunyamaza mbele ya Govert, kumwacha Annelot chini ya dhana, jibu alilompa Douwe: yote yaliegemea upande mmoja, upande wa kumlinda yeye, na kama angepewa nafasi mia nyingine zingeegemea hukohuko. Alikuwa akifundisha jambo hili.

Jioni ile aliandika taarifa kwa kamati na kwa idara nzima. Alieleza mtungi, alama, na shaka mpya, akaomba mnara urudishwe na makala yake kuhusu masanduku ipitiwe upya. Taarifa ilikuwa fupi na haikuwa na kosa. Tarehe ya kugundua haikuwamo, kwa sababu taarifa za namna ile hazina mahali pa tarehe hiyo. Kisha akapitia dukani, akanunua unga, siagi na matufaha.

*

Jumanne chumba cha kahawa kilijaa kuliko kawaida. Wote walikuwa wameisoma taarifa. Upepo uliotabiriwa ulikuwa ukiyapiga madirisha. Govert alisimama karibu na mashine ya kahawa akiwa hana utani. Annelot alikuwa ukutani. Douwe alikuwa amekuja na shati safi, akakaa mbele, na Renske alipoingia na sinia alimsogezea kiti kwa mguu, kama kumwambia haya, tumalize hili.

Keki ilikuwa imeungua upande mmoja. Renske hakuwa mwokaji.

Akasimama, akashika kisu. Sentensi ilikuwa moja, hiyo ndiyo sheria, na ya kuchagua zilikuwa mbili. Ya kwanza wote walikuwa wameshaisoma. Waliingoja, walikuwa wameshaisamehe, na Douwe alikuwa ameshaanza kuinua sahani yake.

"Niligundua Alhamisi," Renske alisema, "na nikanyamaza mpaka jana, na jana nilipoulizwa nikadanganya."

Akakata. Kisu kiligonga sinia. Aligawa vipande kwa zamu, kuanzia kushoto, na kila mtu alipokea, kwa kuwa sheria ilisema keki huliwa. Hakuna aliyejibu. Alikuwa ameitunga sheria ile ili mkosaji asiumizwe na maneno. Hakujua, kwa kuwa hakuwahi kusimama pale, ukimya ule una uzito gani.

Douwe alikula kipande chake chote, polepole, pamoja na sehemu iliyoungua. Akaweka uma. Kisha akawa mtu wa kwanza tangu Machi kuivunja sheria.

"Alhamisi saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

"Mimi walinipigia saa kumi na moja."

Alisema hivyo tu. Hakuna aliyehitaji kalamu. Douwe alisimama, akavaa koti lake, akaiweka sahani kwenye beseni la kuoshea, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu akaisuuza kwanza. Mlango ulipofungwa watu waliendelea kula. Palibaki vipande vitatu. Renske alikaa navyo, akavimaliza peke yake, kimoja baada ya kingine, wenzake wakipita nyuma yake kurudi kazini.

*

Mnara ulisimamishwa tena mwezi Juni, juu ya msingi uleule na boliti mpya. Kileleni vyombo havikukaa sawasawa na mwanzo, haiwezekani. Kilichoshushwa kikapandishwa huketi kwa mwinamo wake mwingine, mdogo, usioonekana kwa jicho, na data za mbele haziwezi kuunganishwa na za nyuma bila kukiri hivyo.

Douwe alikuja ofisini kwa Renske siku ambayo data za kwanza ziliingia. Tangu Aprili walikuwa wakisalimiana, na walikuwa wakizungumza kuhusu kazi. Hakumwita tena binti.

"Kuna kosa jipya la kimfumo," alisema. "La kuunganisha. Nimelikadiria, nukta tatu. Nataka uliambatishe wewe."

Renske akaifungua programu. Akaichagua data yote ya mnara, tangu siku ile ya Juni na kwenda mbele, hata ile ambayo haijapimwa bado. Akaandika nukta tatu. Programu ikauliza jina la kosa. Vidole vyake vikasimama juu ya herufi, na Douwe, aliyekuwa nyuma yake, akaelewa anachofikiri.

"Andika *kushushwa kwa mnara*," alisema. "Data haina haja na jina lako."

Akaandika. Programu ikauliza: je, kila kipimo kinalo la kwake, au vyote vinalo moja?

Alilisoma swali mpaka mwisho. Akachagua *pamoja*. Programu, kama Govert alivyoipanga, ikauliza tena, na akachagua *pamoja* mara ya pili, huku Douwe akitazama.